Kinyozi Vitan na Vifungo vya Temenuga

Duka langu na la Vitan yanatenganishwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba. Mimi nauza nyuzi, zipu na vifungo, yeye ananyoa. Mkasi wake ukinyamaza kwa muda mrefu najua ama hana mteja, ama anabishana na binti yake. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho, mengine yalinifikia kupitia ukutani, na yaliyobaki aliniambia mwenyewe. Vitan ni mtu wa maneno, hasa akishika wembe na mteja hana pa kukimbilia.

Wakati huo mkewe, Snezha, alikuwa Italia mwaka wa pili, akimtunza bibi kizee mmoja huko Bergamo. Mji wetu upo bondeni chini ya milima ya Rodopi, na tangu kiwanda cha nguo kifungwe, wanawake wa mtaa wetu wengi wako Italia wakiwatunza wazee wa watu. Aliyebaki na Vitan ni mtoto wao wa pekee, Temenuga, aliyezaliwa na hali ya Down. Sote tulimwita Temi. Alikuwa na miaka tisa, mfupi, macho yameinuka kidogo pembeni, nywele zimekatwa vizuri kuliko za mtoto yeyote shuleni kwao. Maneno yake yalikuwa machache, lakini hakuna lililopotea bure.

Vitan alimpenda kwa mikono. Alimvalisha, alimwosha, alimpigia mswaki, alimkatia mkate vipande vidogo na kumtilia kinywani huku mkono mwingine ukimfunga skafu. Wanaishi ghorofani juu ya duka, na kila asubuhi wakishuka ngazi, mtoto alikuwa nadhifu kama bibi harusi na baba ametoka jasho kama mpasua kuni.

Siku moja nilimwambia, "Vitan, mwache angalau avae kofia mwenyewe."

"Dada Tsonka, nikimwachia avae mwenyewe tutafika shuleni siku ya kufunga shule."

Kulikuwa na mama mmoja mjini, Zlatina, ambaye mwanawe Ognyan naye ana hali hiyohiyo. Ognyan alishakuwa mtu mzima, anafunga mikate kwenye karatasi pale bekari. Kila Alhamisi jioni Zlatina aliwakusanya wazazi wenye watoto wa namna hiyo kwenye chumba cha juu cha maktaba, wakanywa kahawa na kupeana habari. Vitan alikwenda mara moja, baada ya kusukumwa sana. Aliketi karibu na mlango, kofia magotini.

"Asubuhi ukimvalisha," Zlatina alimuuliza, "yeye anafanya nini?"

"Anakaa. Anaimba."

"Basi umemfundisha kukaa na kuimba. Ni kazi nzuri, ila haina mshahara."

Watu wakacheka, Vitan akavaa kofia yake akatoka kabla kahawa haijamiminwa. Kesho yake alininyolea mume wangu kimyakimya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Januari iliyofuata barafu ilishika mapema. Njia ya shuleni inapanda mlima, na Temi hakupenda kupanda. Akichoka huketi palepale alipo, iwe kwenye theluji au katikati ya daraja, na ukimvuta analegeza mwili wote kama nguo iliyolowa. Dawa ya Vitan ilikuwa kumbeba mgongoni. Alimbeba hivyo tangu akiwa mdogo, na hakuangalia kwamba mtoto anaongezeka uzito huku yeye anaongezeka umri. Asubuhi moja, mbele ya duka la dawa, buti lake likateleza. Alijipinda ili asimwangukie mtoto, akatua juu ya mkono wake wa kulia. Mimi nilikuwa nafungua mlango wangu. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia sauti yake.

Temi aliinuka, akajipangusa theluji magotini, akamtazama baba yake aliyelala chini.

"Baba, amka," akasema. "Tunachelewa."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika vibaya. Alirudi kutoka hospitali na plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko, akageuza kibao cha dukani upande wa "tumefunga", akapanda ghorofani. Jioni Snezha alipiga simu ya picha, akauona mkono, akasema anapanda basi kurudi.

"Uje ufanye nini?" Vitan akamwambia. "Utuvalishe wote wawili? Tulia huko. Tsonka yupo."

Kweli nilikuwepo. Kesho yake nilipanda ngazi mapema. Nilimkuta Temi ameketi kitandani, mikono ameinua juu, kama mtu anayepimwa na fundi. Vitan alisimama kando, shati wazi kifuani kwa kuwa hata lake lilimshinda. Nikapiga magoti nikaanza na soksi. Mara Zlatina akaingia, amebeba banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, ndani ya kitambaa, bado ya moto.

"Tsonka, umekuja kusaidia, au umekuja kushika zamu ya Vitan?"

"Nimekuja kumvalisha mtoto."

"Na kesho? Na mwakani?"

"Sasa tumwache miguu wazi kwenye barafu?"

"Hapana. Fanya yote, mwachie la mwisho tu."

Sikuelewa. Akainama, akaivuta soksi mpaka ikapita kisigino, akaiachia pale kwenye kifundo cha mguu. "Hili lililobaki ni lake," akasema. "Temi, vuta soksi."

Temi akaitazama soksi. Akanitazama mimi. Mikono yangu ikatoka yenyewe, naapa, wala sikuituma. Zlatina akaishika yote miwili akaitia ndani ya mifuko ya eproni yangu.

"Na usiseme neno," akanionya. "Ukirudia kumwambia, anaanza kusikiliza upya. Maneno yanafika, ila yanapita njia ndefu."

"Nitangoja mpaka lini?" Vitan akauliza.

"Unajua wimbo wowote?"

"Nani asiyejua wimbo?"

"Imba ubeti mmoja moyoni. Ukimaliza, ndipo useme tena."

Basi tukasimama pale, watu wazima watatu, kila mmoja anaimba bila sauti. Sijui wenzangu waliimba nini. Mimi nilikuwa sijafika nusu ya ubeti wangu Temi alipoinama, akashika soksi kwa mikono yote miwili, akaivuta mpaka gotini. Kisha akatuangalia kwa jicho la mtu aliyewangoja wazembe, mwisho akaamua kufanya mwenyewe. Zlatina akakata banitsa.

Wiki ile Zlatina alitufundisha mambo mengine. Alitueleza kwamba vidole vya Temi ni laini na viungo vyake vimelegea, kwa hiyo kifungo kidogo kwake ni kama kushika dengu kwa glavu. Hilo lilikuwa la fani yangu. Nilichagua vifungo vikubwa vya koti, nikavishona kwenye sweta lake kwa uzi mrefu ili viwe na shingo ya kushikika. Kwenye zipu ya koti nilitia pete ya funguo. Vitan naye alipata kazi: kwa mkono wake wa kushoto alimpiga picha Temi akifanya kila kitu, soksi, suruali, sweta, mswaki, akazisafisha pale studio, na mimi nikazibandika ukutani kwa mpangilio. Temi alipenda sana kujiona ukutani. Alikuwa anagusa picha, anafanya, anarudi kugusa inayofuata. Picha zinamwingia kuliko maneno. Hata njia ya kwenda kwa Zlatina aliikumbuka kabla yangu.

Msidhani lakini ilikuwa kazi nyepesi. Kwa Temi haikuwa nzito sana. Aliyeteseka ni Vitan. Mkono uliobaki ulikuwa hautulii. Aliutia mfukoni, unatoka. Aliukalia, unatoka. Nilikuwa namwona usoni akiimba ule ubeti wake, masharubu yanatetemeka. Na njiani hawezi tena kumbeba. Mara ya kwanza Temi alipoketi kwenye theluji, Vitan alisimama juu yake akibembeleza mpaka akaishiwa maneno, mwisho akaketi naye hapohapo. Wapita njia wakauliza kama kuna mgonjwa.

"Hapana," Vitan akajibu. "Tunapumzika."

Zlatina alimfundisha kutouliza "utaenda au huendi", kwa sababu mtoto ataichagua ile ya pili. "Mpe mbili ambazo zote zinakwenda," alisema. Kwa hiyo wakikaribia ule mwinuko, Vitan alikuwa anamuuliza, "Utashika mkono wangu, au utashika mkoba?" Temi daima alishika mkoba. Walichelewa mara nyingi. Mwalimu wake aliwawekea mlango wazi.

Katikati ya Februari mambo yakaharibika. Niliyasikia kupitia darini. Ilikuwa mswaki. Temi alikuwa ameminya dawa yote ya meno kwenye kioo na anaipaka kwa kidole, saa imekwenda, na Vitan usiku uliopita hakulala kwa maumivu ya mkono. Akafoka, "Temenuga, kwa nini huwezi kitu kidogo namna hii?" Kisha nikasikia mswaki ukigonga sinki.

Muda mfupi baadaye alikuja kwangu, akaketi juu ya boksi la nyuzi za sufu.

"Nimemfokea."

"Nimesikia."

"Mtaa mzima umesikia. Amejifunika koti kichwani, amekaa chini ya meza, hataki kutoka." Akapangusa uso kwa plasta. "Na kile nilichomwambia. Dada Tsonka, kile ndicho nilichokuwa nawatukania watu wakikisema."

Nilimpa kahawa. Nilipanda mimi, nikaketi sakafuni karibu na ile meza, nikapanga vifungo vyangu kwa rangi mpaka koti likafunguka na mkono mdogo ukatoka kuchukua chekundu.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jioni Vitan alivaa kofia yake akaniambia, "Twende wote. Peke yangu nitarudi njiani." Temi tulimwacha na mume wangu. Kule juu maktabani walikuwepo wazazi watano au sita, na bwana mmoja mnene wa kiwanda cha mbao mwenye mtoto bado mchanga. Zamu ya Vitan ilipofika, alinyamaza kwanza. Mtu wa maneno kama yule.

"Nimechoka," akasema mwishoni. "Sijachoka naye. Nimechoka tu."

Nilidhani watamhurumia, na huruma Vitan haiwezi. Hakuna aliyemhurumia. Yule bwana wa mbao alimsogezea sukari na kusema, "Karibu chamani."

Zlatina akamuuliza, "Mara ya mwisho kulala mpaka ukaamka mwenyewe ilikuwa lini?"

Vitan akacheka, akafikiri, kisha akaacha kucheka.

Pale pale wakapatana: Jumamosi asubuhi Temi atakwenda kwa Zlatina, awasaidie yeye na Ognyan kulisha kuku na kutandika meza, na Vitan atalala. Watu walipoanza kuinuka, Zlatina akamshika kiwiko kile kizima.

"Umemwomba radhi?"

"Ataelewa?"

"Aliyeelewa kufokewa ataelewa kuombwa radhi."

Alimwomba usiku uleule, nami nilikuwa mlangoni nikimchukua mume wangu. Vitan alipiga magoti kwa shida, plasta imetangulia mbele, akasema, "Temi, nilikufokea, na sikupaswa. Nisamehe, binti yangu."

Temi akatafakari. Ule ubeti nadhani niliumaliza wote. "Haya," akasema. "Mwombe na mswaki."

Vitan akaenda akauomba radhi mswaki.

Jumamosi ya kwanza hakulala. Alimfikisha mtoto kwa Zlatina, kisha akasimama ng'ambo ya barabara akitazama ua, mpaka Zlatina akafungua dirisha: "Nenda kalale, Vitan, unawatisha kuku." Jumamosi ya pili alilala mpaka adhuhuri, akashuka dukani kwangu uso umevimba kama mkate, akaniuliza leo ni siku gani.

Plasta ilitolewa mwezi wa Machi. Mkono uliotoka humo haukuwa wake: mwembamba, rangi ya nta, vidole vimekakamaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kazi za nyumbani: kubana na kuachia vibanio vya nguo, kuminya unga uliokandwa, kufunga na kufungua vifungo. Vitan alizisoma akacheka peke yake, kwa sababu Temi alikuwa na kazi zilezile kutoka shuleni. Jioni walikaa pamoja mezani, karai katikati, kila mmoja anabana vibanio upande wake. Mara nyingi Temi alimshinda.

Jioni moja niliwapelekea supu ya maharage. Vitan alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha shati lake, cha tatu kutoka juu. Kidole gumba kilikuwa kinafika, kinateleza, kinafika tena. Nilishindwa kuvumilia, nikanyoosha mkono. Temi akanishika kwa nguvu.

"Shangazi, mwache," akasema. "Mwenyewe."

Nikaurudisha mkono mfukoni. Vitan hakutazama juu. Aliendelea kuhangaika, na mwisho kifungo kikapita. Baadaye, akinisindikiza ngazini, alisema jambo ambalo nimelikumbuka.

"Unajua kinachoudhi? Kichwani najua kabisa jinsi ya kukifunga. Nimefunga vifungo maisha yangu yote. Nauambia mkono, na mkono unanisikia, lakini unachelewa. Na wakati huo watu wote wananitazama." Akasimama kidogo. "Miaka tisa, dada Tsonka, nilikuwa nadhani hajui."

Duka alilifungua tena kabla ya Pasaka. Wateja wa kwanza walikuwa wajasiri, wengine walitoka na nywele za kisogoni zimepanda upande mmoja, wakalipa bila kulalamika. Temi alifagia nywele. Kabla ya hapo Vitan alikuwa akimkataza kwa sababu ya mikasi na nyembe. Sasa alimwonyesha mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama, akabandika picha, yakaisha.

Snezha alirudi kwa sikukuu. Miezi yote ile alikuwa akimwona mwanawe kwenye simu, uso na mabega tu, mikono haikuonekana. Vitan alimsimulia, lakini kusimuliwa si kuona. Asubuhi ya Ijumaa Kuu walikuwa wanatoka kwenda kununua rangi ya kupaka mayai ya Pasaka, na Snezha akafanya alichokuwa akikifanya siku zote: akainama, akachukua viatu vya Temi, akashika mguu.

Temi akauondoa mguu. "Mama, mikono mfukoni."

Snezha akadhani ni mchezo. Akaushika tena mguu, akicheka, na Temi akarudi nyuma mpaka ukutani, akanuna. "Mwenyewe," akasema. Akaketi chini, akavaa viatu, akakosea, cha kulia kikaingia mguu wa kushoto, akavivua, akaanza upya. Snezha aliona kwamba kila mtu chumbani amesimama akingoja, mimi nikiwa mmojawapo, naye peke yake ndiye asiyejua kwamba ndivyo tunavyofanya.

Alinifuata dukani baadaye. Alisimama mbele ya rafu ya vifungo akivigeuzageuza.

"Kule namvalisha mama wa watu kila asubuhi," alisema. "Soksi, gauni, viatu. Kila ninapomvalisha najiambia, nikifika nyumbani nitamvalisha wangu. Hicho tu ndicho kilinivusha mwaka." Machozi yakamtoka taratibu, bila kelele. "Nimefika, na kazi haipo."

Nilimpa kitambaa. Vitan ndiye aliyeingia, alikuwa amesikia kupitia ukutani, maana ukuta ule hausikilizi upande mmoja tu. Hakumwambia usilie. Alimwambia, "Mimi niliumia hivyohivyo wakati wa soksi. Niliona kama nimefukuzwa kazi." Kisha akasema, "Nywele zake lakini hawezi kuzisuka. Zimekua, nami nimeziacha makusudi. Kusuka najua, ila nimemwambia anayejua ni mama yake."

Snezha alimsuka Temi siku hiyo mbele ya dirisha la duka, mikia miwili, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Temi alikaa akaimba, kama zamani. Jumapili walikwenda kanisani hivyo, na mayai mekundu mfukoni.

Alirudi Bergamo baada ya sikukuu, kwa kuwa mkataba ulikuwa haujaisha. Wiki chache baadaye aliniambia kwa simu kwamba yule bibi kizee sasa anajipaka siagi kwenye mkate wake mwenyewe. Mikono inatetemeka, siagi nyingine inaishia mezani, na watoto wa bibi wamelalamika kwamba mtumishi amekuwa mvivu. "Bibi amewafukuza jikoni," Snezha alisema, nikasikia anacheka.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi moja kwa moja. Temi sasa ni msichana mkubwa. Anavaa, anaoga, anatengeneza chai na mkate wenye jibini, na Jumamosi anakunja taulo za kinyozi vizuri kuliko baba yake. Kamba za viatu zilimshinda. Walijaribu mwaka mzima, wakaacha, anavaa viatu vya mkanda wa kunata. Barabara kuu havuki peke yake. Upepo ukiwa mkali bado huketi darajani, na anayepita naye huketi.

Vitan hakosi Alhamisi, mkono wake ukiuma au usiume. Mwezi uliopita alikuja mama kijana kutoka kijiji cha juu, na mtoto wa miezi minne amefungwa kifuani. Alikuwa na maswali mengi na hakujua aanze na lipi. Zlatina amezeeka siku hizi, anamwachia Vitan azungumze, na sote tulingoja aanze hotuba zake. Alimmiminia yule mama kahawa. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mtoto, akaenda naye dirishani kumwonyesha theluji, ili mama aweze kuinywa ikiwa bado ya moto.